Uchovu sugu: jina moja lililobeba mambo mawili

Neno "sugu" asili yake ni ngozi. Ni ule ugumu unaoota kiganjani kwa mshika jembe, au kwa mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu anayepiga kafi tangu alfajiri. Kutoka kiganjani likageuka kuwa sifa: mdaiwa sugu, mhalifu sugu, mlevi sugu. Vijidudu visiposikia dawa tunasema vina usugu. Joseph Mbilinyi alipojiita Sugu kwenye muziki, hakuna kijana aliyehitaji kamusi.

Basi watafsiri wa mambo ya tiba walipotafuta namna ya kutaja uchovu unaodumu miezi na miaka, wakaandika "uchovu sugu". Neno lilikuwa karibu, lakini lilikuja na mzigo wake. Istilahi ya kigeni waliyoitafsiri imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati, basi. Haina habari ya ukaidi. Letu linao. Mdaiwa sugu ni mtu mwenye uwezo wa kulipa ambaye hataki, na mama anayeambiwa ana uchovu sugu yuko jirani mno na huyo mdaiwa. Nyumbani watasema anajilegeza. Yeye mwenyewe atasikia kwamba ugonjwa wake hauna dawa, na hataenda tena hospitali.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Jina hili moja tumelitwika mambo mawili. La kwanza ni dalili: kuchoka kwa muda mrefu, ambako kunaweza kuletwa na upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo iliyolegea, VVU, sonona, minyoo na mengine mengi. La pili ni ugonjwa mahususi, ambao wataalamu wanauita sindromu ya uchovu sugu, yaani kundi la dalili zinazotembea pamoja. Jina la ugonjwa huu lilianza kutumika rasmi Marekani mwaka 1988, ingawa hali inayofanana nao ilikuwa imeandikwa London tangu mwaka 1955, wafanyakazi wa Hospitali ya Royal Free walipougua kwa wingi. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa vigezo vyake. Uchovu uwe umezidi miezi sita na umepunguza sana shughuli za mtu, usingizi usimburudishe, na, hiki ndicho kitambulisho chake, azidiwe baada ya kujituma. Kwa mgonjwa wa namna hii kufua nguo za leo kunaweza kumlaza kitandani kesho na keshokutwa. Juu ya hayo awe na ama ukungu wa mawazo, ama hali kuwa mbaya akisimama.

Kwa miaka mingi wagonjwa hao waliambiwa waongeze mazoezi kidogo kidogo. Mwaka 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoandika miongozo ya matibabu, iliacha kupendekeza mazoezi ya aina hiyo. Sasa wanashauriwa kujipimia nguvu: kutumia walizonazo na kupumzika kabla hazijaisha. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuuponya ugonjwa huu.

Ubaya wa kuchanganya mambo haya mawili unaonekana ukishuka kutoka Milima ya Upare hadi bwawani. Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na maji. Linapokea mito ya Ruvu na Kikuletwa, na kituo chake huzalisha megawati 8. Maji yaliyotulia yakaleta perege, wavuvi wakaja, na konokono nao wakapata makazi. Kimelea cha kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini akivuta nyavu au akifua. Kichocho cha tumbo hakina papara. Kinanyonya damu polepole, kinachafua ini, na mtu anaweza kuishi nacho miaka akidhani amezeeka mapema. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na humezwa kwa siku moja, ila anayerudi majini anaweza kuambukizwa upya.

Minyoo nayo ina jina lake la kale, safura. Wenye asili ya Kiarabu watasikia ndani yake rangi ya njano, na ndiyo sura ya mgonjwa. David Livingstone aliliandika neno hili katika shajara zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1874, akilieleza kuwa ugonjwa wa kula udongo unaojulikana Zanzibar. Leo vitabu vya afya vinasema "minyoo ya safura", wale wanaoingilia miguu mitupu na kunyonya damu ndani ya utumbo. Mimi naona babu zetu walitaja vizuri kuliko sisi. Neno moja lilishika weupe wa macho, hamu ya udongo na mwili kukosa nguvu, na halikumlaumu mtu.

Tukaja na "upungufu wa damu", tafsiri nyingine iliyopotosha kidogo. Msikilizaji hudhani ujazo ndio umepungua, kama pipa, hivyo anatafuta chochote chekundu cha kuujaza: juisi ya rozela, bitiruti, nyanya. Kinachopimwa ni himoglobini, inayobeba hewa safi ndani ya damu, na himoglobini hujengwa kwa madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mwanamume chini ya 13, tayari kuna jambo la kufuatilia.

Hapa chakula kina kazi halisi, na Upareni kuna mengi ya kusema, kwa sababu kuna makande. Mahindi na maharage yana chuma, lakini yana pia viambata vinavyokishikilia kisinyonywe na mwili. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji hupunguza viambata hivyo. Ndimu, chungwa au embe pamoja na mlo huongeza chuma kinachoingia. Chai hufanya kinyume: kikombe cha chai juu ya sahani ya makande kinazuia sehemu kubwa ya faida yake, hata ikiwa imetiwa tangawizi nzuri ya Mamba Miamba. Inywe saa moja au mbili baadaye. Chuma cha nyama na samaki ndicho mwili unachokipokea kwa urahisi zaidi, hivyo mchuuzi wa perege asipeleke ndoo nzima sokoni. Abakize wawili wa watoto na wake. Chumvi nayo iwe yenye madini joto, kwa kuwa tezi ya shingo ikiyakosa hulegea na kumlegeza mtu mzima. Mirungi sitaihesabu. Inaahirisha uchovu kwa saa chache tu, na mwaka 2023 serikali iliteketeza mashamba yake milimani Same.

Ila chakula hakiui kichocho, na matembele hayaponyi kifua kikuu. Lazima apatikane daktari anayetafuta chanzo. Ugumu wa kukipata chanzo hicho uliwahi kupimwa Moshi. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji huo. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki lilipatikana gonjwa la brusela, linalotoka kwa mifugo kupitia maziwa mabichi au mikono ya anayemzalisha mnyama. Brusela isiyotibiwa ni fundi wa kuchosha: jasho la usiku, viungo kuuma, nguvu kuisha, miezi kwa miezi. Kwa wafugaji wa upande wa Simanjiro, kuchemsha maziwa ni kinga. Aliyekwisha kuugua anahitaji dawa mbili kwa takriban wiki sita.

Nusu ya kazi iko kwenye maneno yanayosemwa mlangoni.

"Shikamoo mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, dokta. Mwili hauna nguvu."

Jibu hilo ni la kweli, ila linafungua njia ya kipimo cha malaria na kurudishwa nyumbani. Akisema, "Tangu mavuno nachoka, nasimama majini kila siku, tunakunywa maziwa mabichi, na hedhi yangu ni nzito," amempa daktari pa kuanzia. Anaweza pia kuomba bila kuona haya: wingi wa damu, sukari, choo, mkojo, makohozi ikiwa anakohoa. Zahanati isipoweza, iandike rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Same au Mwanga, na kutoka huko hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, iliyopo Moshi tangu mwaka 1971.

Kuhusu istilahi, pendekezo langu ni hili. Dalili tuiite "uchovu wa muda mrefu", maneno yanayotaja wakati na kumwacha mgonjwa na heshima yake. "Sindromu ya uchovu sugu" tuitunze kwa ule ugonjwa mahususi, unaotajwa baada ya magonjwa mengine kutafutwa na kukosekana. Wahariri wa vipindi vya afya redioni wanaweza kuanza kutumia tofauti hii sasa hivi. Na wewe msomaji, ukiandikiwa "uchovu sugu" kabla hujapimwa damu wala choo, muulize daktari wako kwa adabu anamaanisha lipi kati ya hayo mawili.