Chokaa ya Kilwa na Udongo wa Ulaya

Historia ya pwani yetu, kutoka Somanga hadi Kilwa na Lindi, iliandikwa kwa muda mrefu kama historia ya masultani. Tunaelezwa kwamba al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyejenga Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, na kwamba Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331. Lakini sultani hakuchoma chokaa. Tujiulize basi: waliochoma walijua nini?

Walijua maji. Jiwe la tumbawe lina matundu mengi, na hubeba chumvi ya bahari. Matumbawe laini ya kuchongea mihirabu yalikatwa mabichi baharini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mawe ya ukuta wenyewe yalichimbwa nchi kavu. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Waashi hawakushindana nao, waliuachia njia ya kupumua. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, ikazimwa kwa maji na kuachwa ilainike, ni dhaifu kuliko jiwe. Unyevu hutokea humo, chumvi huganda kwenye lipu, lipu hubanduka, na mwashi hupaka nyingine. Kinachoharibika ni kile kilicho rahisi kutengeneza. (Mafundi wa China, waliochanganya chokaa yao na uji wa mchele ili kuunga matofali ya kijivu, nao walikuwa na tofali linalokunywa maji.)

Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu na imeziba. Ikipakwa juu ya tumbawe, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi huganda ndani ya jiwe lenyewe na kulipasua. Ukuta huonekana imara kwa nje huku ndani unageuka unga.

Kwa nini basi saruji ilipewa heshima kubwa hivyo? Sababu si ufundi peke yake; ni kasumba. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilaumu tabia ya watu kukaa wakingojea bati na huo "udongo wa Ulaya" wakati wana udongo wa kufyatulia na kuchoma matofali. Hatusemi saruji ni adui. Tumeitengeneza wenyewe Wazo Hill tangu 1966, na nyumba bora ni haki ya mkulima na mvuvi. Lakini mvuvi wa Somanga anayefyatua tofali kwa mchanga wa ufukweni ataona unga mweupe ukipanda ukutani mwake, kwa sababu ile ile inayoyala magofu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na kuondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati iliyowashirikisha wakazi. Hapo mgongano mwingine unajitokeza. Chokaa hutaka kuni nyingi, na mikoko ndiyo inayoushika ufuko usiliwe na mawimbi. Anayetaka kukarabati ukuta kwa chokaa lazima kwanza aseme kuni zitatoka wapi.