Kompyuta ya ndege inajuaje kwamba kupanda juu kunaokoa mafuta?

Leo naacha kodi kidogo, twende angani.

Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege huipasua kwa urahisi na kuchoma mafuta kidogo. Lakini ndege iliyotoka kujazwa mafuta ni nzito, haiwezi kwenda juu sana mara moja. Inachoma kwanza, inapungua uzito, ndipo ipande ngazi nyingine. Lini hasa? Zamani mhandisi wa ndege, yule mtu wa tatu nyuma ya marubani, alifungua vitabu vya majedwali akatafuta jibu. Akikosea kidogo hakuna aliyelia, mafuta yalikuwa rahisi. Kisha kati ya 1973 na 1974 pipa likapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12.

Boeing 767 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1982, majedwali yalikuwa yameingia ndani ya kompyuta, na mhandisi hakuwa na kiti tena. Hesabu yenyewe si uchawi. Kompyuta imehifadhi data ya ndege hiyo: kwa uzito huu, mwinuko huu na joto hili, injini zinakunywa kiasi gani. Inapiga hesabu ya umbali uliobaki mara mbili, ukibaki ulipo na ukipanda, ikiongeza mafuta ya kupandia na upepo wa huko juu. Tofauti ndiyo akiba.

Sasa ndugu zangu waandika programu, tazameni hapo. Upepo wa huko juu unatoka kwenye utabiri ulioingizwa. Upepo wa mbele ukiwa mkali kuliko utabiri, akiba inageuka hasara. Na uzito je? Kompyuta haina mizani, inaanzia na namba iliyopewa.

Tarehe 23 Julai 1983, 767 ya Air Canada iliondoka Montreal kwenda Edmonton, vipimo vyake vya mafuta vikiwa vimekufa. Mafuta yalipimwa kwa kijiti, kwa lita, kisha yakageuzwa kuwa uzito. Lita moja ni kama kilo 0.8, au paundi 1.77. Wakatumia 1.77 wakidhani wanapata kilo. Zilihitajika kilo 22,300, ndege ikabeba chini ya nusu. Kompyuta ikaambiwa ni kilo, ikaamini. Ndege ilikuwa nyepesi kuliko ilivyodhani, kwa hiyo hata mwinuko bora iliupigia hesabu kwa uzito ambao haukuwepo!

Injini zilizimika wakiwa angani. Marubani waliielea ndege hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, ambako watu walikuwa kwenye mashindano ya magari. Wote 69 ndani yake walipona.

Mimi tangu nisome kisa hicho, kila kisanduku cha namba kwenye programu zangu kina kipimo chake kando, hata mteja akisema kinaharibu sura ya ukurasa.