Ngoma, Cheo na Maziko: Vyama vya Beni na Ustawi wa Mwanachama katika Miji ya Pwani

Historia ya jamii ya Waswahili aghalabu imeandikwa kwa kuanzia msikitini, madrasani na katika ukoo. Njia hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wakazi wengi wa miji ya pwani walikuwa pia wanachama wa vikundi ambavyo havikuundwa kwa misingi ya imani wala nasaba, bali kwa misingi ya ngoma. Wengi wao walikuwa waumini. Hata hivyo, kilichowaunganisha chamani hakikuwa dini. Katika mhadhara huu tunauliza: uanachama huo ulimfaa nini mtu katika maisha yake?

Hatuna budi kuanza na hali ya nyakati zile. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896, pamoja na kazi za bandari na za serikali, uliwavuta watu kutoka bara. Kwa hiyo miji ikajaa watu waliokuwa huru au wenye ujira, lakini wasio na jamaa karibu. Mtu wa namna hiyo akiugua, nani atamuuguza? Akifa, nani atamzika?

Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilichipuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Wachezaji waliiga gwaride, sare na tarumbeta za majeshi. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliieneza zaidi, kwani askari na wapagazi waliibeba hadi bara. Vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi katika miji mingi. Mwanachama aliyehama mji mmoja aliweza kuwakuta wenzake katika mji mwingine. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, alionyesha kuwa vyama hivi havikuwa mchezo mtupu: vilisaidiana katika maradhi na maziko, na vilikuwa na uongozi wenye vyeo.

Manufaa ya kwanza, basi, yalikuwa msaada. Ya pili yalikuwa cheo. Mtu aliyeitwa boi mchana kutwa kazini aliweza jioni kuitwa jenerali, naye akaitikiwa kwa heshima. Wako wanaoona jambo hilo kuwa ni kuwaiga wakoloni tu. Kwa maoni yetu, hoja hiyo inamsahau mwenye cheo mwenyewe, ambaye heshima hiyo alipewa na watu waliomjua. Manufaa ya tatu, nayo ndiyo makubwa zaidi, yalikuwa wajibu. Mwanachama hakupokea tu. Alitakiwa kuchanga, kuhudhuria mazoezi na kwenda kumzika mwenzake. Asipoonekana, aliulizwa. Wahenga walisema mtu ni watu. Katika chama cha ngoma msemo huo ulikuwa utaratibu wa kila wiki.

Haifai, hata hivyo, kuvisifu vyama hivi kupita kiasi. Ushindani ulikuwa roho ya beni, na pia ya lelemama, ngoma ya wanawake wa Mombasa. Karamu na mavazi ya kumpiku mpinzani viligharimu mali nyingi, na baadhi ya masheikh walikemea israfu hiyo. Tena matabaka ya mji yaliingia chamani: Marini ilihesabiwa kuwa ya watu wenye nafasi, na Arinoti ya watu wa chini. Kundi lililompa mtu faraja ndilo lililoweza pia kumtia gharama asizozimudu.

Pamoja na hayo, mazoea ya kuungana nje ya dini na ukoo hayakupotea. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda huko Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika kilichowakusanya Waislamu na Wakristo pamoja. Huko Unguja, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilitimiza miaka 100 mwaka 2005.

Mwanahistoria hawezi kupima furaha ya watu waliokwisha kufariki. Anachoweza kukiona ni walichokubali kukigharimia. Watu wenye ujira mdogo waliendelea kutoa ada na nguvu zao kwa vyama ambavyo hakuna sheria wala imani iliyowalazimisha kuviingia. Walilipia ngoma, bila shaka. Lakini walilipia pia uhakika wa kutambuliwa wangali hai na kuzikwa na wenzao wakifa. Anayetaka kujua kwa nini vikundi vya leo vya kufa na kuzikana vina nguvu katika miji yetu atafaidika kuanzia hapo.