Kioo juu ya kioo: protekta ilitoka wapi?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la fundi mmoja Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikisubiri kubandikiwa protekta ya simu. Ilikuwa ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Kwa mwandishi wa habari wa siku hizi simu ndiyo ofisi: narekodia mahojiano humo, napigia picha humo, naandikia habari humo nikiwa nimening'inia kwenye daladala, na hata posho huingia humo humo. Kioo kikipasuka, kazi imesimama. Yalinikuta hayo nikiwa mkoani kwenye msafara. Simu ilianguka kwenye changarawe, nusu ya chini ya kioo ikawa haisikii kidole kabisa. Ilibidi niazime kasimu ka batani kwa dereva, nimsomee mhariri habari nzima neno kwa neno, koma na nukta, kama walivyokuwa wakifanya wakongwe wa fani hii enzi za simu za mezani.

Sasa yule fundi wa Aggrey, kijana wa rika langu, aliniwekea pakiti mbili. Moja shilingi 5,000, nyingine 15,000. Nikamuuliza tofauti yake.

"Hii ya 15 ndiyo 9H yenyewe kaka. Hii hata upige nyundo."

Nikaigeuza ile ya 5,000. Nayo imeandikwa 9H, kwa herufi za dhahabu. Akacheka, nikacheka, nikachukua ya 5,000. Lakini nilirudi nyumbani na swali kichwani: hiki kitu kilianzia wapi, na hiyo 9H maana yake nini hasa?

Nianze na hapa nyumbani, maana tusijidanganye kwamba kufunika vitu tumefundishwa na wachuuzi wa simu. Nani asiyekumbuka redio ya sebuleni iliyovalishwa kitambaa cha kufuma? Rimoti ya televisheni iliyofungwa nailoni mpaka namba zikawa hazisomeki? Makochi yaliyokaa na plastiki ya dukani miaka mitatu, ukikaa na kaptula unabanduka kama plasta? Hata hivyo, simu za kwanza zilizoenea kwetu hazikuhitaji protekta. Baba yangu alikuwa na Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003. Kioo chake cha juu kilikuwa plastiki tu. Kikichubuka, watu walikipaka dawa ya meno na kukisugua kwa kitambaa, na kweli michubuko midogo ilipungua, kwa sababu dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia. Ikishindikana, unakwenda kwa fundi unabadilisha hausingi, simu inarudi mpya. Nokia wenyewe walishaanza mtindo wa makasha ya kubadilisha tangu Nokia 5110 ya mwaka 1998. Kwa maneno mengine, sehemu inayochubuka ilikuwa ndiyo sehemu ya bei rahisi. Kumbukeni hilo, maana baadaye mambo yaligeuka.

Protekta tunayoijua ilipata soko kwenye vifaa ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuvigusa. Mwezi Machi 1996, huko Marekani, kampuni ya Palm ilitoa kifaa cha mkononi kilichoitwa Pilot, kwa dola 299. Hakikuwa simu. Kilikuwa daftari la kielektroniki la kuwekea anwani, kalenda na mambo ya kukumbuka. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alitengeneza kwanza kipande cha mbao chenye ukubwa aliokuwa akiufikiria, akawa anatembea nacho mfukoni. Watu wakizungumza kuhusu miadi, anakitoa na kujifanya anaandika humo. Nadhani wenzake walimwona ana kasoro, lakini ndivyo alivyojua ukubwa gani unafaa.

Pilot iliandikiwa kwa kijiti. Ulikuwa unachora herufi kwa mtindo maalumu ulioitwa Graffiti, kwenye eneo dogo chini ya skrini. Na skrini yenyewe ilifanya kazi kwa kubonyezwa: juu kuna utando wa plastiki wenye tabaka jembamba la kupitisha umeme, chini kuna tabaka jingine, katikati nafasi ndogo sana. Ukibonyeza, matabaka yanagusana, na kifaa kinajua umegusa wapi. Teknolojia hiyo inatokana na kazi ya Samuel Hurst na wenzake kule Kentucky miaka ya 1970. Sasa fikirini: plastiki laini, kijiti kigumu, na mtu anaandika mahali pale pale mara mamia kwa siku. Punje moja ya mchanga ikinasa chini ya ncha ya kijiti, umeshachora mstari wa kudumu. Eneo la kuandikia lilikuwa likichakaa kama sakafu ya mlangoni.

Watumiaji wakaanza ujanja wao. Wengi walibandika selotepu ile yenye ukungu, isiyong'aa, juu ya eneo la kuandikia. Wakagundua faida ya pili ambayo hawakuitafuta: selotepu ilikuwa na ukwaruzo kidogo, kijiti hakikuteleza, mwandiko ukawa kama wa kwenye karatasi. Wafanyabiashara hawakulala. Zikaanza kuuzwa karatasi za plastiki zilizokatwa kwa kipimo cha skrini. Hapo ndipo mchezo wa mapovu, vumbi na kadi ya kusukumia hewa ulipoanza. Kioo kisingeweza kutumika kama protekta wakati huo, maana ukiweka kioo kigumu juu ya skrini ya kubonyezwa, haibonyezeki tena.

Ikaja 2005. Septemba mwaka huo Apple walitoa iPod nano, kachezea muziki kembamba ajabu. Haikupita muda, wateja wakalalamika kwamba skrini inachubuka hata kwa kukaa mfukoni tu. Oktoba kesi ikafunguliwa mahakamani California. Kampuni ilikiri kwamba idadi ndogo ya skrini zilikuwa zikipasuka, lakini kuhusu michubuko iliwashauri wenye wasiwasi watumie kava. Mwaka 2009 shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 22.5. Mnaona lilipo jambo? Mteja alikuwa ameshalipia kifaa, na sasa anaambiwa anunue kitu kingine cha kukilinda kisiharibike kwa matumizi ya kawaida. Mwaka huo huo wa 2005, kampuni ya ZAGG ya jimboni Utah ilianza kuuza utando mwangavu wa plastiki inayonyumbuka, ikijinadi kwamba asili yake ni ule unaobandikwa kwenye mapanga ya helikopta za jeshi ili yasiliwe na mchanga. Unaupulizia maji kidogo, unaubandika, unasukuma maji nje, unasubiri ukauke. Mipira ile ya helikopta ikahamia mifukoni mwa wanafunzi wa vyuo.

Halafu iPhone. Steve Jobs aliionyesha Januari 2007 ikiwa na uso wa plastiki. Kwa mujibu wa habari ya gazeti la New York Times ya mwaka 2012, wiki chache kabla ya mauzo kuanza Jobs aliwatolea wasaidizi wake simu aliyokuwa akitembea nayo, imejaa michubuko. Watu watatembea nayo mfuko mmoja na funguo, akasema, kwa hiyo anataka kioo. Tarehe 18 Juni 2007 kampuni ilitangaza rasmi kwamba uso wa simu umebadilishwa kutoka plastiki kuwa kioo, na tarehe 29 mwezi huo simu ikaingia sokoni. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu skrini ya iPhone haikuhitaji kubonyezwa. Ilihisi jinsi kidole kinavyobadilisha umeme kidogo ulioko kwenye skrini, na hali hiyo hupenya kioo bila shida. Wazo lenyewe ni la zamani: Mwingereza E.A. Johnson aliandika kuhusu skrini za namna hiyo mwaka 1965.

Kioo kilitoka kwa kampuni ya Corning ya jimbo la New York, watengenezaji vioo tangu karne ya 19. Na hapa nawaomba tusimame kidogo, maana ndipo panaponivutia mimi. Corning walikuwa na kioo kigumu tangu miaka ya 1960, wakikiita Chemcor. Unachukua kioo, unakitumbukiza kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi kama 400. Chembe ndogo za sodiamu zilizomo kwenye kioo zinatoka, chembe kubwa za potasiamu zinaingia mahali pake. Ni kama daladala ya watu 14 ambayo kila aliyeshuka ameacha nafasi yake kwa mwenye mwili mkubwa kuliko yeye. Wote wamebanana. Kubanana huko kwa uso wa kioo ndiko kunakozuia ufa usifunguke. Teknolojia nzuri, lakini haikupata wateja wa kutosha, ikawekwa kabatini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ikalala zaidi ya miaka 30 mpaka simu zikaja kuiamsha kwa jina jipya, Gorilla Glass, ikitengenezwa kwenye kiwanda cha Harrodsburg, Kentucky.

Kama kioo ni kigumu hivyo, kwa nini basi tupo Aggrey tunabandika kingine juu yake?

Jibu moja ni mchanga. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kutoka 1 mpaka 10: kinachomchubua mwenzake ndicho kigumu zaidi. Almasi ni 10. Kioo cha simu kiko karibu na 6. Chuma cha kisu au funguo ni kama 5 na nusu, kwa hiyo zile funguo za Jobs haziogopeshi kioo sana. Lakini mchanga wa kawaida umejaa madini ya kwatzi, na kwatzi ni 7. Vumbi la barabarani linaloingia mfukoni mwako ndilo adui, sio funguo.

Na hapo ndipo 9H inapoingia, au niseme inapotuingiza mjini. Namba 9 kwenye kipimo cha Mohs ni yakuti, yale mawe yanayochimbwa kwetu Longido na Tunduru. Yakuti kwa shilingi 5,000? Hapana. 9H ni kipimo cha penseli, zile za kuchorea. Hupangwa kuanzia laini za B mpaka ngumu za H, na 9H ni ya mwisho kwa ugumu. Penseli huwekwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na uzito wa gramu 750, husukumwa, kisha hutazamwa kama imeacha alama. Kipimo hicho kilikusudiwa rangi na vanishi. Kwa hiyo pakiti ikisema 9H inadai kwamba penseli haitaichubua. Kioo cha dirishani kwako nacho hakichubuliwi na penseli. Hakuna uongo ulioandikwa pale, lakini tunachokisoma sisi si kile kinachosemwa.

Jibu la pili ni bei. Siku hizi sehemu inayopasuka ndiyo sehemu ghali. Kioo cha simu ya kisasa kimegandishwa pamoja na skrini yenyewe, na fundi anakubadilishia vyote. Lile hausingi la baba limekufa. Kwa hiyo tunaweka mbele kitu cha bei rahisi kife badala yake, na mtu akiona protekta imepasuka anashukuru Mungu, ingawa mara nyingi hajui kama kioo cha chini kingepona chenyewe. Nimewauliza mafundi wanne. Wote walikiri kwamba simu ikiangukia kona, protekta haisaidii sana.

Kuna kisa kimoja cha Oktoba 2019 ambacho wenye pesa kwenye simu inafaa wakijue. Samsung Galaxy S10 ilikuwa na kisoma alama za vidole chini ya kioo. Huko Uingereza mtumiaji mmoja aliweka protekta ya bei poa ya silikoni, akakuta simu inafunguka kwa kidole chochote, hata cha mumewe ambacho hakikuwahi kusajiliwa. Samsung walieleza kwamba vinundu vya protekta za aina hiyo vilikuwa vikisomwa kama alama ya kidole, wakatoa programu ya kurekebisha mwezi huo huo. Baadhi ya mabenki yaliwataka wateja wazime kidole kwa muda. Sisi ambao mshahara, kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako vyote vimo kwenye simu, tusiache kujaribu: ukishabandikiwa protekta, mpe fundi aweke kidole chake.

Nilifanya hivyo pale Aggrey. Haikufunguka. Kabla ya hapo nilimtazama akifanya kazi, na kwa kweli ana mikono. Alifuta kioo kwa spiriti, kisha kwa kitambaa laini cha miwani, kisha akapitisha stika ya kunasa vumbi, akiinamisha simu kwenye mwanga aone punje zilizobaki. Feni aliizima. Protekta aliishika kwa pembeni, akalenga tundu la kamera, akaiachia ianguke yenyewe, akagusa katikati mara moja, na gundi ikakimbia mpaka kingoni kama maji ya mafuriko kwenye sakafu. Ikabaki punje moja, kona ya juu kushoto. Akainua kona ile kwa wembe, akainasa kwa selotepu, akashusha.

Nilipofika kituo cha daladala nikaona nyingine, karibu na kipaza sauti. Bado ipo.