HIJRA ILIKUWA NA BAJETI: Kabla hujahama mji, soma safari ya Makka kwenda Madina



Ndugu yangu katika imani, mara nyingi baada ya swala ya Ijumaa husimama mgeni msikitini akaomba asaidiwe. Ukikaa naye ukamuuliza, utakuta amehama mji. Alipanda basi na nauli ya kwenda tu. Chumba hana, kazi aliyoahidiwa haipo, na kule alikotoka ameacha deni la duka na mke asiye na matumizi. Ukimuuliza mbona hukujipanga, jibu ni lile lile: "Sheikh, nimemtegemea Mwenyezi Mungu. Hata Mtume alihama."

Ni kweli, Mtume wetu (S.A.W.) alihama. Lakini alihama vipi? Kisa cha Hijra tumekizoea kwa upande wa miujiza. Leo, in shaa Allah, tukisome kwa upande wa msafiri: nani alitangulia, usafiri ulilipwaje, njia ilijulikanaje, waliobaki nyuma waliachiwa nini. Umbali ni kama kilomita 450, jangwa na majabali, mwaka wa 622 Miladia. Tuone kama ile ilikuwa safari ya kubahatisha.

1. ALITANGULIZA MTU

Mwaka wa 621, watu 12 kutoka Yathrib (ndiyo Madina ya leo) walimpa Mtume ahadi pale Aqaba. Hakuhama siku hiyo. Alimtuma kwanza Mus'ab bin Umayr (R.A.) akakae nao, awafundishe Qur'ani na awajue watu wa mji. Msimu wa Hija uliofuata wakaja wanaume 73 na wanawake wawili, wakaahidi kumlinda kama wanavyolinda familia zao. Hapo ndipo maswahaba waliporuhusiwa kuondoka Makka, nao wakaondoka kwa makundi madogo madogo.

Kwa hiyo Mtume (S.A.W.) hakuingia mji asioujua. Alikuwa na mwenyeji, alikuwa na makubaliano, na alikuwa na mtu wake aliyekwisha kuishi pale. Wewe unahamia mji ambao humjui hata mtu mmoja, kwa sababu umeona picha za rafiki yako kwenye simu?

2. USAFIRI ULIANDALIWA MIEZI MINNE

Sayyidna Abubakar (R.A.) alitaka kuondoka mapema, Mtume akamwambia asubiri, huenda naye akapewa ruhusa. Abubakar akaelewa. Akachukua ngamia wawili akawafungia nyumbani, akawa anawalisha majani ya mti wa samur kwa miezi minne. Imo katika Sahihi Bukhari. Miezi minne ya kulisha wanyama kwa safari ambayo tarehe yake haijulikani! Huko ndiko kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa mtu mwenye akili.

Siku ilipofika, Mtume (S.A.W.) akaja mchana wa jua kali, saa ambayo si kawaida yake kuja. Abubakar akampa ngamia mmoja. Mtume akakubali kumchukua, lakini kwa kumlipia bei. Angalia hapo, ndugu yangu. Wako katika hatari ya kuuawa, mwenzake ni rafiki wa roho, mali yenyewe inatolewa kwa mapenzi, na bado Mtume anataka bei ijulikane. Wanazuoni wengi wamesema alitaka ibada hii aigharimie kwa mali yake mwenyewe. Sisi huanza safari kwa kumtazama shemeji, ami, na msikiti.

3. NJIA ILIKODIWA MJUZI WAKE

Walimkodi mtu wa Banu Dil, na wanahistoria wanamtaja kuwa ni Abdullah bin Urayqit. Alikuwa bado yuko katika dini ya Makureshi. Alichaguliwa kwa sababu mbili: anaijua njia, na ni mwaminifu. Wakampa ngamia wote wawili akae nao, wakaagana wakutane pangoni baada ya siku tatu.

Pango hilo la Thawr liko kusini ya Makka, na Madina iko kaskazini. Kila anayewatafuta anaangalia kaskazini, wao wamekaa kusini siku tatu mpaka joto la msako lipungue. Na ndani ya siku hizo kila mtu ana kazi yake. Abdullah bin Abubakar, kijana mwerevu, anashinda Makka akisikiliza Makureshi wanapanga nini, usiku anakwenda kulala nao pangoni, alfajiri anarudi mjini kama aliyelala kwake. Amir bin Fuhayra anachunga mbuzi upande ule, jioni anawapelekea maziwa. Bi Asmaa binti Abubakar anafunga chakula, na alipokosa kamba akapasua mshipi wake, ndiyo maana akaitwa mwenye mishipi miwili.

Kisha mjuzi akawapitisha njia ya pwani. Bukhari anaiita njia ya *sawahil*, neno lile lile lililotupa sisi jina la Waswahili. Safari ikachukua siku kadhaa, na Makureshi wametangaza zawadi ya ngamia mia moja.

Sasa niambie: Mola aliyemchukua Mtume Wake usiku mmoja mpaka Baytul Maqdis, alishindwa kumfikisha Madina bila ngamia na bila mjuzi? Hakushindwa. Safari ya Israa ilikuwa yake peke yake. Safari ya Hijra ilikuwa ya kutufundisha mimi na wewe.

4. AMANA ZA WATU ZILIRUDISHWA

Hapa ndipo ninapotaka usimame, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Watu wa Makka waliokuwa wakimpinga Mtume ndio hao hao waliokuwa wakiweka vitu vyao vya thamani kwake, kwa kuwa hawakumwona mwaminifu kuliko yeye. Usiku ule wanapanga kumuua, na mali zao zimo nyumbani mwake. Angezichukua, nani angemlaumu? Waislamu walikuwa wamenyang'anywa. Suhayb (R.A.) alizuiwa njiani mpaka akawaachia mali yake yote ndipo wakamwacha aende.

Mtume (S.A.W.) akamwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, katika mji wa hatari, ili arudishe amana za watu, kila mtu na chake. Ali alibaki siku tatu, alipomaliza ndipo akafuata, akawakuta Qubaa.

Ndugu yangu, umehama usiku ili mwenye nyumba asikuone. Umebadilisha laini ya simu ili mwenye duka asikupate. Pesa za kikundi cha kina mama zilikuwa mkononi mwako, umezifanya nauli. Halafu unasema umehama kama Mtume? Deni lako liandike kwenye hesabu ya kuhama kabla ya nauli. Kama huwezi kulipa, nenda kwa mwenye haki umwage mchana, mkubaliane, liandikwe.

5. WALIOBAKI NYUMA

Abubakar (R.A.) alipoondoka alichukua fedha yake yote iliyobaki, dirhamu 5,000 au 6,000. Kwa kipimo cha dirhamu ya sharia, kama gramu 3 za fedha, huo ni mzigo wa kilo 15 au zaidi. Baba yake, mzee Abu Quhafa, alikuwa kipofu na bado hajasilimu. Akaja nyumbani akiwa na wasiwasi kwamba mwanawe amewaacha wajukuu bila kitu. Bi Asmaa akaokota mawe, akayaweka pale baba yake alipozoea kuweka fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa mzee akaupeleka juu yake. Mzee akatulia. Bi Asmaa mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba Wallahi hakuachiwa kitu, ila alitaka kumtuliza mzee.

Kisa hiki wanaume wengine hukipenda kwa sababu mbaya. Husema: Abubakar aliacha nyumba tupu, na mimi nimeacha. Ngoja. Fedha ile ilitoka kwa ajili ya Mtume na Waislamu waliokuwa wanaanza maisha bila kitu, haikuwa ya starehe. Nyumba ile ilibaki na watu wazima walioijua siri ya safari na wakashiriki kuiandaa. Na haikuachwa kwa miaka. Mtume alipotulia Madina, alimtuma Zayd bin Haritha na Abu Rafi', akawapa ngamia wawili na dirhamu 500, wakamlete Bi Fatima na dada yake Ummu Kulthum na Bi Sawda. Familia ya Abubakar nayo ikaja. Bi Asmaa alisafiri akiwa na mimba pevu, akajifungulia Qubaa mwanawe Abdullah bin Zubayr.

Wewe una mwaka wa ngapi tangu useme "nitawaita mkija likizo"? Mkeo anajua unalipa kodi kiasi gani huko? Au anashika mawe yaliyofunikwa nguo, na aliyeyafunika ni wewe?

6. WALIPOFIKA

Walipofika, kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wakataka kukitoa bure, Mtume akakataa mpaka akakinunua. Kisha akaunganisha undugu kati ya Muhajirina na Ansari. Sa'd bin Rabi' (R.A.) akamwambia Abdurrahman bin Auf (R.A.) achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Akaanza na jibini kavu na samli, akarudi na faida, na haukupita muda akaoa kwa mahari yake mwenyewe.

Na zipo gharama ambazo hazikuepukika. Hewa ya Madina iliwasumbua wageni, Abubakar na Bilal (R.A.) wakashikwa na homa kali, na Bilal akawa anaitamani Makka kwa mashairi. Mtume hakuwakemea kwa kukumbuka kwao. Aliwaombea Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina. Kwa hiyo ukihama ukaugua mwezi wa kwanza, ukalia kwa kukumbuka mama, imani yako haijapungua. Ila weka akiba ya mwezi huo.

FANYA HESABU YAKO

Kuhama kwetu kwa kutafuta riziki si Hijra ile, lakini adabu yake tunaichukua. Kaa na familia yako, chukua karatasi, andika kwa mpangilio huu: kwanza madeni na amana za watu, pili matumizi ya watakaobaki, mpaka siku utakapowaita, tatu nauli na gari la mizigo, nne kodi ya nyumba, na unajua wenye nyumba wengi wanataka ya miezi kadhaa kwa mkupuo, juu yake kuna dalali, tano chakula na dawa za miezi mitatu kabla kipato hakijakaa sawa. Jumlisha. Kama fedha haitoshi, Abubakar alilisha ngamia miezi minne. Nawe subiri.

Walikuwepo watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wanamtegemea Mwenyezi Mungu, kisha wakifika wanaombaomba. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba aya ya 197 ya Suratul Baqara iliwashukia wao, ikaamrisha kubeba masurufu, na ikakumbusha kuwa masurufu bora ni ucha Mungu. Vyote viwili vimo katika aya moja, usibebe kimoja ukaacha kingine.

Ewe Mola wetu, wape riziki ya halali wote waliohama miji yao, walipie madeni yao, na uwakutanishe na watoto wao. Aamin.

Kama kuna mtu unayemjua anajiandaa kuhama, mtumie ujumbe huu kabla hajakata tiketi.

Wabillahi tawfiq.