Filbert Bayi na Mbio Zisizokimbiwa

Sisi watu wa Mtwara hatuna haja ya kuhadithiwa gharama ya ukombozi. Tangu vita vilipoanza 1964 mpaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, wakimbizi walivuka Ruvuma wakaja kwetu, na wazee wetu wakala nao kile kidogo walichokuwa nacho. Lakini yuko mtu wa mbali nasi, Filbert Bayi wa Karatu, ambaye naye alilipa fungu lake, na hatajwi sana katika barza zetu.

Bayi alizaliwa 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia meta 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio zile ilikuwa kujificha nyuma ya wenzio, kisha kuchomoka mwishoni. Yeye alitangulia tangu bastola ilipolia, akawaacha wenziwe mbali, hata ungedhani kijana huyu hajui atendalo. John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alimfukuza mpaka kwenye utepe asimpate. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Na Walker, ingawa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani! Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston, Jamaica, Bayi akaitwaa na ya maili: 3:51.0. Hiyo Walker alimnyang'anya mwezi Agosti.

Basi watu wakangoja wakutane Montreal, 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia Olimpiki. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.2, sekunde saba nyuma ya mwendo wa Christchurch. Malaria nayo ilikuwa imemdhoofisha Bayi siku zile, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba angeshinda. Lakini hata nafasi ya kushindwa hakuipata. Nami naona kususia kulikuwa haki. Ila tuliopiga makofi hatukupoteza kitu. Aliyepoteza ni yeye.

Moscow, 1980, alikimbia meta 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akatangulia vile vile, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipompita mzunguko wa mwisho. Akapata fedha, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya meta 5,000. Hata baada ya michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Bayi mwenyewe aligeukia elimu, na shule zenye jina lake utazikuta Kibaha.