Walokole: Walivyosemwa na Walivyojulikana na Jirani Zao

Hapa Nkoma, kama katika sehemu nyingi za Usukuma, mtu akikataa pombe, asiende ngomani, na akishika Maandiko neno kwa neno, huitwa mlokole. Jina hilo hutamkwa kwa kicheko, na ndani ya kicheko mna shutuma: ya kuwa ana kiburi, ya kuwa huwahukumu wenziwe, ya kuwa amejitenga na ukoo wake. Lakini msimu wa pamba ukifika, na watu wa ushirika wakitafuta mtu wa kusimama penye mizani au wa kutunza fedha, nimesikia wale wale waliocheka wakisema, "Mpeni yule mlokole." Basi yafaa tuulize jina hili lilitoka wapi, na kwa nini watu hulicheka kisha wakaliamini.

Neno lenyewe ni la Kiganda, na maana yake ni watu waliookolewa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana pale Namirembe, Kampala, na Dakta Joe Church, Mwingereza aliyekuwa mganga wa hospitali ya misheni ya Gahini katika Rwanda. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda kufundisha Gahini, akafanya kazi kwa bidii hata kufa kwake mwaka 1936. Uamsho ule ukaenea Uganda na Kenya, ukaingia na nchi yetu kwa njia ya Bukoba.

Tangu mwanzo watu wengi hawakupendezwa nao. Waliungama dhambi zao hadharani, wakaimba mpaka usiku, wakawaambia hata wachungaji watubu. Mwaka 1941, katika chuo cha kanisa cha Mukono, wanafunzi kadha wa kadha waliamka kabla ya mapambazuko ili waombe na kuhubiri. Mkuu wa chuo akawakataza, nao hawakukubali. Ndipo walipofukuzwa watu 26, na William Nagenda alikuwa miongoni mwao. Habari hiyo ilipovuma, wengi walisema, "Hawa ni waasi, nao watalivunja Kanisa."

Wala tusiwapambe kupita kiasi. Kuungama mbele za watu kuliweza kuleta aibu nyumbani mwa wengine wasiokuwapo. Wako pia waliodhani ya kuwa asiyeshuhudia kama wao si Mkristo kamili. Hayo yalikuwa kweli, na yaliumiza watu.

Lakini aliyekaa nao mlango kwa mlango aliona na mambo mengine. Aliona mali iliyoibwa ikirudishwa na mwizi mwenyewe, na deni lililosahauliwa likilipwa. Aliona mume akimwomba mkewe msamaha, jambo lililokuwa gumu kwa wanaume wa siku zile. Aliona Mwafrika na Mzungu wakiombana radhi na kula pamoja, wakati ambapo desturi ya utawala ilikuwa kuwatenga. Tena wengi wao hawakulihama Kanisa, bali walikaa humo humo walimokuwa wakilaumiwa.

Kisha yakaja majaribu makubwa zaidi. Katika Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa uamsho huko Ugikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Wengi walikataa pia kushika bunduki za serikali. Kwa hiyo upande huu uliwaita vibaraka, na upande ule uliwaona hawana faida. Wengine waliuawa. Yule aliyesemwa kuwa hana ukabila wala ukoo alikufa kwa kuwa hakutaka kumwua jirani yake.

Katika Uganda, Janani Luwum alikuwa mwalimu wa shule alipookoka mwaka 1948. Alipokuwa Askofu Mkuu, yeye na maaskofu wenziwe walimwandikia Idi Amin kulaumu mauaji ya raia. Akasingiziwa kuwa mhaini, akauawa tarehe 16 Februari 1977. Festo Kivengere, aliyepata kufundisha shule huko Dodoma, alikuwa askofu wakati huo, akalazimika kukimbia nchi. Mwaka uo huo Josiah Kibira wa Bukoba, naye mtu wa uamsho, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Basi watu wa uamsho uliosemwa kuwa utalivunja Kanisa ndio waliokuja kulichunga.

Husemwa ya kuwa lisemwalo lipo. Naam, lakini si lote lililopo kama lisemwavyo. Mtu wa mbali huona kundi na kusikia kelele zake. Jirani humwona mtu mmoja mmoja, akijua ni nani alirudisha jembe na ni nani alilificha. Kwa hiyo aitwaye mlokole asilitegemee jina, maana mizani haijali jina la aishikaye. Na sisi tuitao tusilifanye jina kuwa hukumu. Siku ya kuchagua wa kutunza fedha huwa hatuulizi mtu huitwaje, bali tunauliza amekaaje nasi. Swali hilo ndilo lifaalo siku zote nyingine pia.